Nguzo ya Upande wa Pili

Barua ilifika saa nne asubuhi, na Bi Nukta alipoisoma mara ya kwanza alicheka.

Ilitoka kituo kikuu, ambacho kazi yake ni kukusanya vipimo vya vituo vidogo kama chao na kuvilinganisha. Ilikuwa na mistari minne tu. Ilisema kwamba kwa mujibu wa vipimo vyao, setilaiti zote sita wanazozipima zilikuwa zimesogea mbali kwa sentimita tano. Vituo vingine havikuona hivyo. Wakague mitambo yao.

"Wametusikia tukiwasengenya," alimwambia mkuu wa kituo, aliyekuwa akipita mlangoni na kikombe cha chai. "Wameamua kuhama."

Mkuu alisema tusubiri barua ya pili. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu, na ndiyo maana wafanyakazi walimwita Tusubiri alipokuwa hayupo, na wengine hata alipokuwepo akiwa kaelekea upande mwingine. Yeye Bi Nukta jina lake alilipata kwa ubishi wa nukta za desimali. Alikuwa mwanamke wa kugombana na mizani ya duka. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa mbele ya mtambo ule, na kama kuna mtu aliyeweza kuapa kwamba vipimo vya kituo chao ni safi, ni yeye.

Kazi yenyewe ukiieleza ni nyepesi. Unarusha mwanga juu, unaipiga setilaiti iliyovikwa vioo, mwanga unarudi. Unapima muda uliotumia kwenda na kurudi, unagawa kwa mbili, na kwa kuwa mwendo wa mwanga haubadiliki, ukishaujua muda umeshaujua umbali. Tatizo ni kwamba sekunde moja ukiikata vipande bilioni moja, ndani ya kipande kimoja tu mwanga umekwishakwenda urefu wa rula ya mwanafunzi. Waya ukipata joto kidogo, saa ikizubaa kidogo, umeshakosea. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kugusa setilaiti, walikuwa wanapiga kwanza nguzo.

Nguzo ilikuwa ng'ambo ya bonde, juu ya kilima kinachotazamana na kituo. Ilikuwa ya zege, ina kioo kichwani, na umbali wake wapima ardhi waliupima siku ilipojengwa ukaandikwa kwa rangi nyekundu ukutani juu ya meza: mita elfu moja mia tatu sitini na mbili, na sentimita zake, na milimita zake. Mtambo ukisema pungufu, unaongeza hadi ulingane na ukuta. Ukisema zaidi, unapunguza. Kile ulichoongeza unakiandika kwenye daftari, safu ya marekebisho, kisha ndicho unachokiongeza kwa setilaiti zote siku ile. Nguzo haikosei, walikuwa wakisema, mtambo ndio wenye visa.

Bi Nukta akaisoma barua mara ya pili, na safari hii hakucheka.

Setilaiti sita. Moja inapita huku, nyingine kule, moja iko chini, nyingine juu mno. Zote zimesogea kwa sentimita tano zile zile. Viumbe sita visivyojuana haviwezi kukubaliana namna ile. Kitu kimoja tu vilikuwa nacho kwa pamoja, nacho ni marekebisho yaliyoandikwa na mkono wake.

Alivuta daftari. Asubuhi ile alikuwa ameongeza sentimita tano na milimita moja. Wiki iliyopita, sentimita nne. Mwezi uliopita, tatu. Alirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akiona mwandiko wake mzuri wa kulala kidogo, na tarakimu zikipungua taratibu, hadi miezi mitano nyuma alipokuta sifuri. Kila siku alikuwa ameongeza kidogo, kidogo kiasi cha unene wa karatasi chache, na kila siku alijiambia ni waya, ni joto, sasa ni mvua. Kila Ijumaa mkuu alitia sahihi chini yake.

Mtambo ulikuwa unasema nguzo iko karibu zaidi. Siku mia na hamsini ulisema hivyo, na siku mia na hamsini yeye aliurekebisha ukanyamaza.



Kulikuwa na njia ya kujua. Ndani ya chumba chenyewe, darini, kulikuwa na kioo kidogo mita sita tu kutoka kwenye mtambo, ambacho hakuna aliyekitumia kwa kuwa kukifikia ni lazima upande ngazi na ufute vumbi. Kama kosa ni la waya au la saa, kioo cha darini nacho kingeonekana kimesogea sentimita tano. Alipanda, akafuta kwa upindo wa koti lake, akashuka akakipiga. Akakipiga tena. Akakipiga mara ishirini.

Kioo cha darini kilikuwa pale pale kilipowekwa. Mtambo ulikuwa mzima, waya ulikuwa mzima, saa ilikuwa nzima. Kilichosogea ni nguzo, na nguzo haina miguu. Imechimbiwa mita nne ndani ya kilima.

Nyumba ya kaka yake ilikuwa hatua hamsini chini ya nguzo ile.

Na si kwamba kaka yake alijipeleka mwenyewe. Wakati nguzo inajengwa, Bi Nukta ndiye aliyekuwa akivuka bonde kuwasimamia mafundi, ndiye aliyeona viwanja vinauzwa pale kwenye mteremko, ndiye aliyemwambia kaka yake anunue upesi. Ardhi ya pale ni ngumu, alimwambia, sisi wenyewe tumeichagua kwa kuwa haitikisiki. Kaka yake, seremala, akajenga nyumba mbele na karakana nyuma. Nusu ya juu ya kiwanja walikubaliana ni ya dada, atajenga akistaafu. Mama yao mwenye magoti mabovu alipohamia kwa kaka miezi mitano iliyopita, habari ya ile nusu ya juu ikazuka upya, maneno yakatoka, na tangu siku ile Bi Nukta na wifi yake walikuwa wanasalimiana kupitia kwa mama.

Alimfuata Tusubiri ofisini. Alimweleza yote, tangu kioo cha darini hadi daftari. Tusubiri alisikiliza huku akizungusha kijiko ndani ya kikombe kilichokwisha chai. Alisema sentimita tano si kitu. Alisema ukiwaambia watu mlima unakuja na usije, nani atajibu. Alisema pawepo na nguzo ya pili ya kulinganisha, kisha akanyamaza mwenyewe, kwa sababu nguzo ya pili ilikuwepo, ilikuwa nyuma ya mikaratusi iliyoota ikaiziba, na ombi la kuikata miti hiyo lilikuwa kwenye trei iliyokuwa mbele yake, mwaka wa pili sasa.

"Jina langu limo humo na sahihi yako imo humo," Bi Nukta alimwambia. "Wewe subiri. Mimi naenda kuipiga tena."

Saa tano nguzo ilikuwa pungufu sentimita tano na nusu. Saa mbili asubuhi ilikuwa tano na milimita moja. Kilichokuwa kikichukua siku kadhaa kilikuwa kimechukua saa tatu.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa. Asubuhi hiyo ilikuwa imepumzika tu, na kupitia dirishani kilima kilionekana chote, kijani na kimetulia, mabati ya nyumba kumi na nne yakimetameta mteremkoni. Hakuna kitu kilichotembea. Hilo ndilo lililomtisha zaidi ya yote. Macho yalimwambia kilima kimelala na mtambo ukamwambia kinakuja, na yeye alijua kipi kati ya hivyo viwili hakijawahi kumdanganya.

Alimpigia kaka yake. Simu iliita hadi ikakata, kwa sababu msumeno wa umeme ukiwaka kaka hasikii hata radi. Akampigia mama. Mama alipokea, akasema haloo mara sita, akalalamika simu ina ukungu, akakata. Ikabaki namba moja. Bi Nukta alilitazama jina lile kwenye kioo cha simu, akapiga.

Wifi alipokea.

Bi Nukta hakujua aanzie wapi, akaanzia pabaya. Alisema inabidi wahame pale nyumbani, leo, sasa hivi, maana kilima kinateremka, vipimo vinaonyesha. Alijisikia mwenyewe jinsi maneno yalivyosikika. Wifi alimwacha amalize.

"Mwaka huu umekuja na mlima," wifi alisema. "Kiwanja unakitaka, sema unakitaka. Usituletee mambo ya nyota."

Akakata.

Bi Nukta alikaa na simu mkononi. Alifikiria kwenda. Barabara inazunguka bonde lote, unashuka hadi darajani, unapanda upande wa pili. Kwa pikipiki na matope yale ni karibu saa nzima. Angefika na maneno yale yale, na muda wote huo hakuna ambaye angekuwa anaitazama nguzo. Akaipiga tena. Saa tano na nusu: sentimita sita. Akaipiga tena baada ya dakika kumi, na sasa hakuhitaji tena kusubiri dakika kumi. Tarakimu ya mwisho ilikuwa inabadilika mbele ya macho yake.

Tusubiri alikuja akasimama nyuma yake. Aliangalia tarakimu ile ikigeuka, mara moja, mara mbili, na Bi Nukta akasikia pumzi yake ikibadilika. Alitoa simu yake akapiga ofisi ya mtaa wa kule ng'ambo, akajieleza kwa heshima zote, cheo chake na jina la kituo, akasikiliza, akajieleza tena. Kisha akaiteremsha simu polepole.

"Wanasema tuandike barua," alisema. "Wanasema tusubiri."

Wakati mwingine wowote Bi Nukta angecheka hadi machozi.

Saa sita kamili msumeno ulinyamaza ng'ambo ya pili, maana ndiyo saa ya kaka yake kula, na simu yake ikaita. Kaka yake ameona ameitwa mara kumi na moja, kuna nini, nani amefariki. Sauti yake ilikuwa na tonge mdomoni. Bi Nukta alimweleza, safari hii polepole, na kaka akacheka, si kwa ubaya, akamwambia mdogo wangu, umekaa mno na hiyo mashine, kilima hiki kilikuwepo kabla ya babu yetu kuota meno. Nyuma yake wifi alisikika akifoka kwamba ule mlango wa uani umegoma tena, mtu amejifungia nje na sufuria jikoni.

"Nitaupiga randa nikimaliza kula," kaka alimjibu mkewe. Kisha akarudi kwenye simu. "Mlango umenuna na mvua hii, basi nyumba nzima haina amani."



"Kaka. Huo mlango umeupiga randa mara ngapi?"

"Hii itakuwa ya nne."

"Tangu lini?"

"Tangu mama alipohamia. Mbao zinavimba, ndiyo tabia yake."

"Mama alihamia kiangazi," Bi Nukta alisema. "Kiangazi mbao zinavimba na nini?"

Kaka akaacha kutafuna. Yeye alikuwa seremala wa miaka thelathini na hili alilijua kuliko yeyote. Kila mlango ulipokwama alikuwa ameukata kidogo, ukafunga, akaridhika, akaenda kwenye kazi za watu.

"Chukua timazi," dada alimwambia. "Usiangalie mlango. Pima fremu."

Alimsikia akinyanyuka. Alisikia droo ikivutwa, vyuma vikigongana, hatua, mama akiuliza kuna nini na hakuna anayemjibu. Bi Nukta alimwona kaka akilini mwake amesimama uani, uzi unaning'inia, kile chuma kidogo cha timazi kinazunguka, kinatulia. Aliipiga nguzo akiwa anasubiri. Sentimita saba.

Kaka aliporudi sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtu mwingine.

"Fremu imelala," alisema. "Ukuta wote umelala. Mdogo wangu, mlango hauna kosa. Nimeuonea mlango."

Simu ilichukuliwa mkononi mwake.

"Wifi," sauti ya kike ilisema, na kwa miezi mitano hakuwa amemwita hivyo. "Ni kweli?"

"Kiwanja sikitaki. Sikitaki tena. Mchukue mama mtoke, pandeni kwa pembeni hadi kule shuleni, msishuke bondeni. Na majirani wifi, majirani hawatanisikia mimi."

Bi Nukta alimsikia wifi akikimbia. Hakwenda kuwaambia majirani habari ya mwanga wala mtambo. Alipiga hodi nyumba ya kwanza akauliza, mlango wenu nao unakwama? Huko walikuwa wameupaka mafuta. Nyumba ya pili walikuwa wameinua bawaba. Nyumba ya tatu walikuwa wamemlaumu fundi, ambaye ni mumewe. Nyumba hadi nyumba aliuliza swali hilo moja, na watu wakatazamana, kila mmoja akikumbuka alivyoushughulikia wake kimyakimya, na kufika nyumba ya sita hakuhitaji tena kuuliza kwa sababu waliokuwa nyuma yake walikuwa wamebeba watoto.

Nyumba moja tu haikuwa na mlango. Ilikuwa ya kinyozi mzee aliyeishi peke yake, wakimwita Pazia, maana mlangoni kwake palining'inia pazia la maua miaka yote, akisema mwizi akija atamwonea huruma amwachie kitu. Wifi alimuuliza, na Pazia akacheka. Kwake hakuna kilichokwama. Waende, alisema, yeye anamalizia kunyoa ndevu, atawafuata.

Mama naye hakuwa na miguu ya mteremko ule. Kaka alimpakia kwenye toroli la kubebea mbao, na mama, kwa jinsi Bi Nukta alivyomsikia kwenye simu iliyokuwa mfukoni mwa mtu, alilalamika njia nzima kwamba hajafikia kuwa gogo.

Saa saba ilikuwa sentimita kumi na mbili. Saa saba na robo, kumi na saba. Bi Nukta alikuwa anaisoma kwa sauti bila kujua anamsomea nani, na Tusubiri aliyekuwa ameketi kando yake alikuwa anaandika, kalamu ikikwaruza. Ndipo ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni.

Ulifunika daraja kwanza, kisha mashamba, kisha mabati moja baada ya jingine. Mwanga ukawa unarudi kwa taabu, mapigo machache kati ya mia, lakini ulirudi. Kumi na tisa. Ishirini na mbili. Simu ikalia, wifi, akihema. Wamefika shuleni, mama amefika, watu wamejaa uwanjani. Bi Nukta akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mpe kaka simu."

"Amerudi kufunga mlango," wifi alisema. "Vifaa vyake vyote vimo karakanani, amesema wezi hawatashindwa kuja wakati kama huu. Nimemkataza. Amesema dakika tano."

"Mlango gani?"

"Wa uani."

Ule usiofunga. Bi Nukta aliuziba mdomo wake kwa kiganja. Alimwona amesimama pale na bega lake mlangoni, mkaidi, akisukuma, kitasa hakikutani na tundu lake, akitazama huku na huku kutafuta randa. Alimpigia. Iliita. Akapiga tena, iliita, na macho yake yalikuwa kwenye tarakimu. Ishirini na tisa. Thelathini na nne. Kipande kizima cha mwanga, rula nzima ya mwanafunzi. Arobaini na moja.

"Pokea," alisema. "Kaka, pokea, acha mlango."

Kisha tarakimu ikatoweka. Mtambo ulirusha mwanga, ukasubiri, haukuona kitu. Ukarusha tena, haukuona kitu.

Ni ukungu, alijiambia. Ukungu umeziba. Dirishani kulikuwa na weupe mtupu, hakuna kilima, hakuna bonde, na mtu angeweza kuamini lolote alilotaka ndani ya weupe ule. Ni ukungu tu, utapita. Lakini alikuwa mtu wa hesabu, na kichwa chake kilianza kuhesabu bila kuombwa. Mwanga umeshaleta habari yake. Sauti ni mzito wa miguu, mita elfu moja mia tatu na ushee zitamchukua sekunde nne. Kama ni ukungu, hakutakuwa na kitu. Moja, alihesabu. Mbili. Maisha yake yote hakuwahi kuomba kipimo chake kiwe cha uongo. Tatu.

Nne.

Vikombe vilianza kutikisika kabla sauti yenyewe haijafika masikioni, kisha ikafika, nzito, ndefu, haina haraka, ikajaa chumbani na kukaa. Tusubiri alishika meza kwa mikono miwili. Bi Nukta hakupiga kelele. Alipiga simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Mteja hapatikani. Alimpigia wifi, na kwa wifi kulikuwa na vilio vya watu wengi hata asielewane naye neno.

Dakika ishirini na tatu zilipita. Alizihesabu, maana hakujua kufanya kitu kingine. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, hofu ya mtoto, ya kutaka mtu mzima aje aseme imekwisha, na mtu mzima aliyekuwepo alikuwa yeye.

Simu ikalia kwa namba asiyoijua.

"Mdogo wangu," kaka yake alisema. Alikuwa anakohoa. "Nimeuacha wazi. Ule mlango. Umekataa kabisa."

Bi Nukta aliweka kichwa chake mezani akalia hadi meza ikalowa. Kaka yake alingoja. Alisema alikuwa amefika kona ya shule alipoisikia ardhi ikiguna, simu imemdondoka mbioni, nyumba hamna tena, karakana hamna, nguzo yenu nayo hamna. Mama yupo, anauliza umekula. Kisha sauti yake ikashuka, na Bi Nukta akajua kuna jambo lililobaki, na akatamani asiliseme.

"Nilipita kwa Pazia wakati narudi juu," kaka alisema. "Nilimwita. Alisema amebakiza upande mmoja."

"Alitoka?"

Kaka akaanza kukohoa tena.

Baadaye, simu ilipokwisha, Tusubiri alilisogeza daftari taratibu hadi mbele yake. Hakumwangalia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba watakuja watu kuuliza, na kwamba waya wa zamani bado uko stoo, unaweza kuonyeshwa kama mbovu, na hakuna anayeweza kujua. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile alikuwa hataki kusubiri.

Bi Nukta alifungua ukurasa wa siku ile. Chini ya mistari yote ya mchana aliandika saa, akaandika nguzo, na mbele yake akaandika kwamba mwanga haukurudi. Akaandika kuwa mtu mmoja hakutoka, na kwamba kilima kilikuwa kimesema kwa miezi mitano. Kalamu ilipofika safu ya mwisho, ya marekebisho, mkono ulitaka kwenda wenyewe kama ulivyozoea. Aliushika kwa mkono wa pili, akaiacha safu tupu.